Kabla droni haijapanda juu ya Lubumbashi

Mwenye harusi amelipa, padri amekubali, mwenye ukumbi amefungua geti, na mpiga picha anatoa droni yake kwenye mfuko. Katika watu hao wote hakuna hata mmoja mwenye neno juu ya anga.

Kifungu cha 9 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinaiweka anga chini ya dola, pamoja na udongo, maji na misitu. Mwenye lupango anaweza kukuzuia usiingie kwake, lakini kukuruhusu kuruka si kazi yake. Kampuni ya madini ni vilevile: hati yake inahusu madini, anga haimo. Hata Mkataba wa Chicago wa 1944, katika kifungu cha 8, uliachia kila nchi ruhusa ya vyombo visivyo na rubani vinavyoingia kwake.

Nchini kwetu mlango wa kugonga ni AAC, mamlaka ya usafiri wa anga ya kiraia yenye makao Kinshasa, na sheria inayotawala mambo haya ni namba 10/014 ya 31 Desemba 2010. Wengi huichanganya AAC na RVA, inayosimamia viwanja vya ndege na kuongoza ndege. Ukiwa na kazi upande wa uwanja wa ndege wa Luano, ongea na zote mbili, kwa sababu ndege inayokuja kutua hupita chini sana. Barua ya komini au ya meya inafaa kwa kufunga barabara au kutumia uwanja wa mji, lakini haigeuki kuwa ruhusa ya kuruka hata ikipigwa mihuri mitatu.

Andika ombi mapema, na uliandike kama mtu anayejua kazi yake: aina ya kifaa, namba yake, uzito, mahali, siku na saa, kimo, jina la atakayeshika rimoti, na picha zitakwenda wapi. Kuhusu kimo, kanuni za Kenya za 2020 zinaishia futi 400, yaani kama mita 120 kutoka ardhini, na ni kipimo kizuri cha busara hata kwetu. Angalia lakini: namba unayoiona kwenye rimoti kwa kawaida huhesabiwa kutoka pale ulipoinulia droni. Ukiianzishia juu ya mlima wa masalia ya kampuni ya madini ya Gécamines kisha ukaipeleka mjini, rimoti itasoma mita 100 huku kimo halisi kutoka ardhini kikiwa zaidi.

Migodini droni inaokoa kazi nyingi. Zamani wapimaji walipanda lundo la mawe na vyombo mkononi. Leo picha mia kadhaa zinazopishana zinatosha kompyuta kukadiria ujazo wake. Ila lundo hilo ni siri ya biashara ya mtu. Ukipita juu ya mgodi wa jirani, hata kwa upepo tu, utaeleza sana.

Ofisi ya gavana, kambi za jeshi, gereza la Kasapa na mpaka wa Kasumbalesa viache kabisa. Tangu MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, iliporusha droni zake Goma Desemba 2013, na vita vya mashariki vilivyofuata, askari akisikia mlio wa droni hafikirii harusi.

Na majirani? Nyuma ya ukuta wa lupango mara nyingi kuna bafu isiyo na paa. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya faragha, na Sheria ya Kidijitali (Code du numérique) ya Machi 2023 inagusa data za watu. Pita juu ya barabara, na uwaonye watu wa mtaa kabla.

Ukisimamishwa, shusha droni kwanza, ndipo uongee. Onyesha kopi ya ruhusa, ya asili ibaki nyumbani. Wakiichukua droni, omba PV (hati rasmi ya maandishi) yenye namba ya kifaa, saa, mahali na jina la aliyeichukua, na usiondoke bila hiyo karatasi.