Darsa la Ramadhani, Siku ya 13: Mwendo wa Mtu na Dhana Yetu



Ndugu yangu uliyefunga, leo ukitoka kwenda sala ya Alasiri, hebu hesabu utakuwa umewahukumu watu wangapi kabla hujafika msikitini. Yule anayetembea kifua mbele: ana majivuno. Yule anayeburuza ndala: mvivu. Dada aliyepita haraka haraka bila kutazama pembeni: ana dharau. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Umeona mwendo tu, na hukumu umeshaitoa.

Si wewe peke yako. Jicho la binadamu limeumbwa kusoma mwendo. Mwaka 1973 mtaalamu mmoja wa Sweden, Gunnar Johansson, alieleza jaribio lake: mtu anafungwa taa ndogo kwenye maungio, mabegani, viwikoni, magotini, kwenye vifundo vya miguu, kisha anapigwa filamu gizani. Kinachoonekana ni vidoa vya mwanga tu, hakuna sura wala nguo. Vidoa vikitulia, mtazamaji haelewi kitu. Vikianza kwenda, papo hapo anasema: huyo ni mtu anatembea.

Watafiti wengine wa Uingereza wakaenda mbele zaidi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2012. Wao waliwaonyesha watu vidoa kama hivyo, wakawauliza: huyu mwenye mwendo huu ana tabia gani? Waliotazama walikubaliana wao kwa wao sana. Lakini majibu yao yalipolinganishwa na jinsi wenye mwendo walivyojieleza wenyewe, hayakuoana.

Hapa naomba usimame kidogo. Walikubaliana, na bado hawakupatia. Si ndiyo maneno yetu ya barazani haya? "Mbona sote tumemwona anavyotembea!" Sawa, mmemwona. Lakini watu kumi walioona mwendo mmoja wakadhani jambo moja, hao si mashahidi kumi wa tabia yake. Ni dhana moja imerudiwa mara kumi. Na Suratul Hujurat aya ya 12 imetutaka tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Kuna posa zimekataliwa kwa sababu tu ya namna kijana alivyoingia sebuleni na kukaa.

Sisi tuliosomea ualimu tuna mfano wetu. Mwaka 1993 Nalini Ambady na Robert Rosenthal, huko Marekani, waliwaonyesha watu baki vipande vifupi vya video ya walimu wakifundisha, sauti imezimwa, jumla havifiki hata dakika moja. Alama walizowapa walimu wale zilikaribiana na alama walizotoa wanafunzi wao mwisho wa muhula. Wapo wanaoitaja habari hii kama ushahidi kwamba jicho halikosei. Mimi naisoma kwa tahadhari. Kilichopimwa pale ni wanafunzi walivyomwona mwalimu wao, siyo walichojifunza. Mwalimu anayepunga mikono na kutabasamu hupendwa, na hilo ni jema, lakini daftari la mwanafunzi ni habari nyingine.

Sasa utaniuliza: basi mwendo hauna maana, sheikh? Una maana kubwa, ila umewekewa mlango wake. Luqman alipomuusia mwanawe (sura ya 31, aya ya 18 na 19), alimkataza kuwageuzia watu shavu kwa kiburi na kutembea kwa maringo, akamwambia awe wa wastani katika mwendo wake. Suratul Furqan aya ya 63 inawasifu waja wa Rahmani kwa kutembea ardhini kwa unyenyekevu. Angalia anayeambiwa ni nani. Anaambiwa mwenye miguu, aurekebishe mwendo wake. Haikusemwa tukae kibarazani tupime miguu ya wenzetu.

Na mwendo huohuo hubadilika maana kwa mahali. Waandishi wa sira wameeleza kwamba siku ya Uhud, Abu Dujana alifunga kitambaa chekundu kichwani akapita kati ya safu kwa maringo. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa huo ni mwendo anaouchukia Mwenyezi Mungu, isipokuwa mahali kama pale. Aliyemwona Abu Dujana bila kujua kuna vita angesema nini?

Kisha kuna Abdullah bin Umm Maktum. Alikuwa kipofu. Ule uso uliokunjwa mbele yake hakuuona, na bado ikateremka sura nzima inayoanza na habari hiyo, Abasa. Mimi kila nikiifundisha madrasa nawauliza watoto: kama aliyekunjiwa hakuona, kwa nini tumehadithiwa? Majibu yao hunizidi.

Tuje kwetu, maana Ramadhani hii misikiti imejaa. Kuna kijana anasimama karibu na viatu, anachungulia jirani anafunga mikono vipi, anachelewa kurukuu. Waliozoea saffu ya mbele wanamtazama kwa jicho la "huyu wa msimu". Huenda amesilimu mwezi uliopita. Huenda ana miaka kumi hajasujudu na leo ndiyo amerudi, na jicho lako moja linatosha kumfanya asionekane kesho.

Au yule mzee ambaye siku hizi hacheki, salamu anaitika kwa uso mkavu, na watu wanasema amekuwa na kiburi tangu wanawe wapate kazi. Kuna maradhi yanaitwa Parkinson. Hukaza misuli, hata ya uso, tabasamu likawa halitoki ingawa moyo umefurahi. Hatua huwa fupi, za kuburuza, na mara nyingi mkono huacha kupunga mtu anapotembea. Si kila mgonjwa hutetemeka, kwa hiyo jirani haoni ugonjwa, anaona mtu aliyenuna.

Usiku huu kwenye tarawehe, ukimwona mtu anahangaika kule nyuma, msogezee nafasi, mkimaliza msalimie na umuulize jina. Na kama nyumbani una mzee ambaye hatua zake zimebadilika na uso umekuwa mzito, mpeleke hospitali akaangaliwe, hata kabla ya Idi.

Kesho in shaa Allah tutazungumzia sauti: kupaza na kushusha. Saumu maqbuul.