Laini ya Intaneti ya Kukodi Peke Yako

Wenzangu mlio darasani, nanyi ndugu zetu mliokwisha kutoka shuleni mkafungua biashara, leo nataka tutazame jambo la hesabu ambalo pia ni jambo la mfuko. Hapa Kyebando wauzaji wa intaneti hupita nyumba hata nyumba wakimwambia kila mwenye ofisi, "Bwana, chukua laini yako peke yako, utasahau taabu." Bei yake huwa mara nyingi ya bei ya laini ya kawaida, na mkataba wake kwa desturi ni wa mwaka mzima au zaidi. Aliyetia sahihi bila kuuliza atalipa tu. Basi yafaa tujue kinachouzwa ni nini.

Laini ya kawaida ni kama teksi ya abiria 14. Kampuni huugawa uwezo mmoja kwa wateja wengi, kwa kuwa yajua si wote watakaoutumia kwa wakati mmoja. Usiku wa manane mambo huenda mbio. Saa nne asubuhi, ofisi zote zikiwa zimefunguliwa, mnabanana. Laini ya kukodi ni gari ulilolikodi wewe: halipakii mtu mwingine, na likisimama mlangoni bila kazi walilipia vile vile. Ukinunua megabiti 20 kwa sekunde, hizo 20 huwekwa kwa ajili yako mchana na usiku, za kupokea na za kupeleka sawasawa.

Neno hilo la kupeleka wengi hulipita bila kulitazama, nalo ndilo lenye uzito. Laini nyingi za kawaida hupokea kwa haraka lakini hupeleka polepole. Tuseme zahanati moja yampelekea daktari wa mbali picha za mgonjwa zenye megabaiti 600. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo ni megabiti 4,800. Kwa megabiti 5 kwa sekunde kazi hiyo yachukua sekunde 960, yaani dakika 16; kwa megabiti 20 ni dakika 4. Mgonjwa angali kitandani, dakika 12 si kitu kidogo. Lakini mwenye duka la sukari na sabuni, ambaye kazi yake ni kupokea fedha kwa simu na kuandika barua mbili tatu, atanunua gari kubwa la kubebea kikapu kimoja.

Sasa tuusome mkataba. Muuzaji huahidi kwamba laini itafanya kazi kwa asilimia fulani ya wakati. Asilimia 99 yasikika vizuri mno, sivyo? Mwezi wa siku 30 una saa 720. Moja kwa mia ya hizo ni saa 7 na dakika 12 za kimya, na zaweza kuanguka zote siku moja ya mishahara. Asilimia 99.9 ni dakika 43 tu. Uliza pia saa ya kuharibika yahesabiwa tangu lini, fundi atafika baada ya muda gani, na ahadi ikivunjwa utarudishiwa fedha kiasi gani. Kama hakuna fidia iliyoandikwa, mimi naona asilimia hiyo ni maneno ya sokoni.

Hata hivyo, gari la kukodi hupita barabara ile ile ya wote. Uganda haina bahari. Zamani tulitegemea sana setilaiti iliyo juu kiasi cha kilometa 36,000. Swali kupanda na kushuka, kisha jibu vivyo hivyo, ni karibu nusu sekunde. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi ukipitia Mombasa na Dar es Salaam, na tangu hapo intaneti yetu hutoka pwani kwa nyuzi za kioo, kupitia Kenya, au Tanzania kwa njia ya Mutukula. Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikatika baharini upande wa kusini, na nchi zetu zikapungukiwa intaneti. Kwa hiyo mwulize muuzaji: "Njia hii ikikatika, mnapita wapi?" Akibabaika, umekwisha jibiwa. Kuna na kufungwa kwa amri ya Serikali, kama Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Hilo mikataba mingi huliweka nje ya fidia.

Mwenye biashara ya kadiri, kwa maoni yangu, hufaidika zaidi kwa laini mbili za kawaida za kampuni mbalimbali, moja ya waya na moja ya hewani. Zikiwa zote mbili za waya, atoke nje atazame: zikishikwa na nguzo moja, lori moja litaziangusha pamoja. Umeme nao usisahauliwe. Ruta bila betri huzimika pamoja na taa, hata kama laini yenyewe ni nzima.

Na yule ambaye kazi yake kweli yadai laini ya kukodi, aombe kuijaribu wiki mbili kabla ya kutia sahihi, aipime Jumatatu saa nne asubuhi, kupokea na kupeleka, na kuandika hesabu zake kwenye daftari.