Zizi Lenye Ng'ombe Halikosi Samadi

SOMO LA FAMILIA
Soma kwanza: Mithali 14:4, Kumbukumbu la Torati 23:9-14, Yeremia 28:1-4 na 29:1-7



Somo letu linahusu ufagio, maji na watoto. Wengine watasema hili ni somo la akina mama peke yao. Naomba akina baba wasifunge ukurasa, maana kabla hatujamaliza nitawarudia.

Liko jambo ambalo mashemasi wanakutana nalo mara kwa mara hapa Nyarugusu. Zamu ya ibada ya nyumbani inapomfikia dada mwenye watoto watatu au wanne wadogo, anatuma ujumbe kwamba anaumwa. Haumwi, anaona haya. Mtoto mmoja amekojoa kwenye mkeka, mwingine amemwaga uji, kuni zimelowa na nyumba imejaa moshi. Anaogopa macho ya dada zake. Mwezi huu anakosa ibada ya nyumbani, mwezi ujao anakosa na ya Jumapili. Tunampoteza mshirika kwa sababu ya uji uliomwagika!

Mithali 14:4 inatuonyesha mkulima ambaye zizi lake halina uchafu hata kidogo, kwa sababu hana ng'ombe. Hazoi samadi, lakini pia hana wa kumlimia, na mavuno hayaoni. Sisi tuliotoka kwa wafugaji na wakulima tunaelewa haraka. Nyumba isiyochafuka kamwe ni nyumba isiyo na mtoto. Dada yangu, alama za mikono yenye matope ukutani kwako ni habari kwamba Mungu amekupa watu. Usiombe msamaha kwa hizo.

Hata hivyo mstari huo hauwapi wavivu ruhusa. Mwenye ng'ombe huzoa samadi kila asubuhi, la sivyo ng'ombe wanaoza kwato. Kwa hiyo mama mwenye watoto wadogo na nguvu kidogo inampasa ajue uchafu upi unaweza kungoja na upi haungoji. Matope, nguo zilizotupwa na vijiti vya michezo vinaweza kungoja hadi jioni. Kinyesi, mikono na maji ya kunywa havingoji hata dakika.

Musa aliliagiza jeshi la Israeli kwamba kila mtu awe na chombo cha kuchimbia, atoke nje ya kambi, achimbe, kisha afunike. Agizo lile lilihusu kambi ya vita, lakini sababu aliyoitoa inatugusa: Mungu mwenyewe anatembea katikati ya kambi. Sisi nasi tunaishi kambini. Mwezi Mei 2015, ndugu zetu Warundi walipokusanyika kwa maelfu Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kilizuka na kikaua watu. Ugonjwa ule hupita katika kinyesi, maji na mikono.

Wapo wanaodhani kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa kuwa ananyonya tu. Si kweli. Nacho kina vijidudu vya kuharisha, tena huyu ndiye anayejisaidia pale pale anapotambaa mwenzake. Kizolewe mara moja, kitupwe chooni, kisha mama anawe kwa sabuni kabla hajashika sufuria. Sabuni ikiisha kabla ya mgao mwingine, tumieni majivu. Kibuyu chirizi hakinunuliwi: ni kidumu kidogo chenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Mtoto wa miaka minne atanawa mara kumi kwa sababu anaona ni mchezo. Mwacheni acheze.

Najua maji ni foleni. Kipimo cha chini kinachotumika duniani katika misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwa familia ya watu sita ni lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20, na siku nyingine hata hayo hayapatikani. Basi maji yafanye kazi mara mbili. Ya kusuuzia nguo yanyunyizwe sakafuni kabla ya kufagia, vumbi lisiingie vifuani mwa watoto, na yanayobaki yaende kwenye lengalenga nyuma ya nyumba. Maji yaliyofulia nepi ni chooni tu. Dumu la maji ya kunywa liwe na kifuniko, na kikombe cha kuchotea kisiwe kile anachochezea mtoto.

Nyumba ya chumba kimoja au viwili inapangwa kwa kwenda juu. Vyombo vikae juu ya kichanja, vikauke juani, kuku wasivifikie. Mafuta ya taa yasiwekwe kabisa katika chupa ya soda, maana mtoto anaijua chupa ile kuwa ya kinywaji. Kadi ya mgao, kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuning'inizwa mbali na mvua, panya na mikono midogo. Unajua karatasi ile ikichanika utazunguka ofisi ngapi.

Sasa nafika kwenye kikwazo ambacho naona ni kikubwa kuliko umaskini. Wengine wanasema, "Ya nini kukandika ukuta? Hapa si kwetu, tutarudi." Wakati wa Yeremia, Hanania alitangaza kwamba mambo yatarejea katika miaka miwili. Bila shaka wengi walipenda mahubiri yake! Yeremia akawaandikia wahamishwa wa Babeli barua ngumu: wajenge nyumba, wapande bustani, wazae watoto huko huko. Hakuwaambia wasahau kwao. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1996, na waliozaliwa hapa sasa nao ni wazazi. Kwako wewe nyumba hii ni ya kupita. Kwa mtoto wa miaka mitatu ndiyo nyumba pekee anayoijua, na humo ndimo anajifunza kama yeye ni mtu wa thamani au ni mzigo uliofungwa ukingoja gari.

Nilisema nitawarudia akina baba. Kule kwetu mwanaume hakushika ufagio, lakini alikuwa na shamba, au mtumbwi ziwani, na jioni alirudi amechoka. Hapa shamba hakuna na ziwa liko mbali. Mama amebeba mtoto mgongoni na dumu kichwani, baba yuko chini ya mti anacheza dama tangu saa nne. Mila hiyo ni ya wapi? Yesu alijifunga kitambaa kiunoni akaosha miguu ya watu wazima. Baba aliyeokoka anaweza kuteka maji, kurekebisha choo na kuosha mtoto. Wavulana nao wafagie kama dada zao. Mtoto wa miaka mitatu aweza kupanga malapa mlangoni, wa sita aweza kurudisha sahani kichanjani. Watafanya vibaya mwanzoni. Msiwapige kwa hilo.

Nanyi dada mnaotembelea nyumba za wenzenu, msiende kukagua. Mkiona vyombo havijaoshwa, mmoja aongoze maombi, mwingine achukue sufuria nje aisugue. Mkirudi, msiitaje sufuria hiyo.

Maswali ya kujadiliana nyumbani, watoto wakiwepo:

1. Ni kazi gani tatu katika nyumba yetu zinamwangukia mama peke yake? Baba achukue ipi kuanzia kesho?
2. Mafuta ya taa na dawa viko wapi sasa hivi? Nyanyukeni mkaangalie.
3. Ni jirani gani mwenye watoto wadogo ambaye hatujamwona ibadani mwezi huu? Nani ataenda, na atabeba nini: dumu la maji, au sabuni?