Somo la Makatibu: Hati za Punda Avukaye Mpaka

Lengo la somo hili ni kumwezesha katibu wa chama cha msingi kuzijua hati zinazotakiwa pale mwanachama anapokusudia kumsafirisha punda nje ya wilaya au nje ya nchi, na kutambua kwamba hati hizo zote hutegemea maandishi yaliyomo katika sajili ya chama. Mfano uliotumika ni wa mwanachama wa Mandewa, mjini Singida, lakini taratibu zenyewe zawahusu wanachama wote wenye wanyamakazi.

1. Kwa nini jambo hili lina uzito

Punda hubeba maji, kuni na mazao, tena hukokota mkokoteni. Kwa jamaa isiyo na gari, kumpoteza ni kupoteza chombo cha kazi ambacho hakirudi upesi, kwa kuwa punda jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja hivi na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu.

Katika miaka ya karibuni ngozi ya punda imekuwa bidhaa ya biashara ya kimataifa. Huko China ngozi hiyo huchemshwa na kutoa gundi iitwayo ejiao, itumikayo katika dawa za jadi na vipodozi. Kenya ilipofungua machinjio ya punda kuanzia mwaka 2016, malalamiko ya wizi yalienea, na punda wa nchi jirani nao wakavushwa kwa magendo. Mwezi Desemba 2022 Tanzania ilitangaza kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi kwa muda wa miaka 10. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, katika mkutano wao wa Addis Ababa, walikubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo barani kote.

Kwa hiyo punda aonekanaye njiani kuelekea mpakani bila hati hutiliwa shaka, na ni haki atiliwe shaka. Mwenye mali halali na mwizi husimama mbele ya mkaguzi wakiwa na maneno yale yale. Kitakachowatenganisha ni karatasi.

2. Maelezo ya mnyama

Sajili isemayo "punda mmoja, dume, kijivu" haimsaidii mtu. Punda walio wengi ni wa kijivu, nao wana mstari mweusi mgongoni unaokatwa na mwingine mabegani mfano wa msalaba. Maelezo hayo yanawafaa mamia ya punda. Hayamtambulishi hata mmoja.

Katibu aandike mambo haya kwa kila mnyama:

(a) jina la mwenye mali, mtaa wake, na tarehe ambayo mnyama alizaliwa au alinunuliwa;
(b) jinsia, na kama dume amehasiwa;
(c) umri, ukikadiriwa kwa meno na mtu mwenye ujuzi;
(d) rangi ya mwili, ya pua na ya tumbo;
(e) kovu, mkato wa sikio, au doa lisilo la kawaida, na upande lilipo, kulia au kushoto;
(f) namba ya hereni au chapa, ikiwapo.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya kila farasi na kila punda hutakiwa kuwa na pasipoti yake. Ndani yake mna mchoro wa mnyama ulioonyesha alama zake, na namba ya kifaa kidogo kilichowekwa chini ya ngozi. Chama cha msingi hakina vifaa hivyo, lakini mchoro wa kalamu na picha mbili, moja ya kila ubavu, vinaweza kubandikwa katika daftari lolote.

3. Mfuatano wa hati

Tuseme mwanachama wa Mandewa anataka kumpeleka punda wa kazi kwa ndugu yake aliye Kenya, kwa njia ya Babati, Arusha na Namanga. Utaratibu waanzia nyumbani. Kwanza, chama na uongozi wa mtaa huthibitisha kwa maandishi kwamba punda ni mali yake. Pili, masharti ya nchi anakokwenda huulizwa mapema, kwani nchi ipokeayo ndiyo itoayo kibali cha kuingiza na kutaja vipimo inavyovitaka. Tatu, kibali cha kutoa mnyama nchini huombwa kwa wizara yenye dhamana ya mifugo, na daktari wa mifugo wa Serikali humkagua mnyama na kutia sahihi cheti cha afya. Nne, hutolewa kibali cha kusafirisha mifugo ndani ya nchi, kinachotaja atokako mnyama, aendako na muda wa safari. Mwisho, hati zote hukaguliwa mpakani na maofisa wa mifugo na wa forodha.

Msingi wa taratibu hizi umo katika Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010. Kibali kikikataliwa, safari haipo. Kupita njia ya panya hugeuza mali halali kuwa magendo.

4. Sababu ya cheti cha afya

Baadhi ya wanachama huuliza kwa nini mnyama mwenye afya apimwe. Jibu limo katika tauni ya farasi, ugonjwa uenezwao na usubi. Punda na pundamilia waweza kuwa na virusi vyake bila kuonyesha dalili, hali farasi hufa kwa wingi. Mwaka 1987 pundamilia waliotoka Namibia waliuingiza ugonjwa huo nchini Hispania, nao ulirudi mwaka baada ya mwaka hadi 1990. Macho ya mwenye mali, hata awe mfugaji hodari, hayawezi kuona kilichomo ndani ya damu.

5. Wajibu wa katibu

Sajili isomwe na kurekebishwa walau mara moja kwa mwaka mbele ya wanachama. Punda akifa, akiuzwa au akiibiwa, iandikwe siku ile ile. Mauzo yaandikwe kwa nakala mbili, zenye sahihi za muuzaji, mnunuzi na shahidi. Katibu asitie sahihi kwa mnyama asiyemwona kwa macho yake, hata aombwe na rafiki. Sahihi ya namna hiyo yaweza kumsafisha mwizi na kumnyima mwanachama mwingine punda wake.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Je, punda wangapi wa wanachama wameandikwa katika sajili, na wangapi hawajaandikwa?
2. Punda akiibwa usiku huu, chama kitampa polisi maelezo gani kesho asubuhi?
3. Ni nani atakayeshika daftari wakati katibu hayupo?