Dondoo muhimu: Oili ya jenereta ndogo

Kabla hujaenda dukani, ijue injini yako. Vijenereta vingi vya wati 650 hadi 950 ni vya mipigo miwili: havina mahali pa kujazia oili. Oili ya 2T huchanganywa na petroli, kwa kawaida mililita 20 kwa kila lita.

Jenereta yenye kifuniko cha oili ubavuni ni ya mipigo minne. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, SAE 30 inatosha kabisa. Ukiwa Njombe kwenye asubuhi za baridi, chukua 10W-30, maana huwahi kutiririka injini ikiwa bado baridi. Angalia na herufi za daraja la API kwenye lebo: SJ au ya juu zaidi. Oili ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na lebo usiiguse, hata muuzaji akiapa.

Nyingi ya injini hizi hazina filta ya oili, hivyo uchafu wote hubaki humo humo. Kwa mashine mpya, mwaga oili ya kwanza baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100 au miezi 6. Imwage ingali vuguvugu, itoke na mashapo yake. Jenereta ya kilowati 2 hunywa takriban lita 0.6 tu, usione uchungu kuibadilisha.

Jenereta ya mipigo minne ikikataa kuwaka, iweke mahali tambarare upime oili kabla ya kumwita fundi. Nyingi hujizima zenyewe oili inapopungua.