Fidia si Bei ya Kunyamaza

Somo kwa washarika na wainjilisti

Ndugu wasomaji, mwezi huu twataka kujifunza neno zito, ambalo watu wengi hulikwepa. Ni neno la watoto walionajisiwa na watu waliokabidhiwa kuwalea, nao sasa wanadai haki yao. Tena hawaidai kwa mtu yule peke yake, bali kwa shule au chama kilichomweka juu yao. Wako wanaouliza: Je! kosa si la mtu mmoja? Mbona nyumba nzima idaiwe?

Tuanze na jambo lililotokea kwa jirani zetu wa Kenya. Wasichana wawili wa shule moja ya msingi, upande wa Nakuru, walisema kwamba mwaka 2010 mwalimu wao aliwanajisi. Katika kesi ya jinai mwalimu yule aliachiliwa. Lakini wasichana hawakukata tamaa. Mwaka 2011 walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi, wakadai haki zao kwake, na kwa Tume ya Walimu, na kwa Serikali pia. Tume ikajibu kwamba, kama mwalimu alitenda hayo, aliyatenda kwa tamaa yake mwenyewe, wala haikumtuma. Tarehe 19 Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi alilikataa jibu hilo. Aliamuru wasichana walipwe fidia, mmoja shilingi za Kenya milioni 2, na wa pili milioni 3. Tume ikakata rufani, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikaishikilia hukumu ile.

Tutazame sababu yake. Mzazi ampelekapo mtoto shuleni, hamkabidhi kwa mtu fulani. Amkabidhi kwa shule. Mwalimu naye hupata nguvu juu ya mtoto kwa ajili ya cheo alichopewa. Basi aliyempa cheo hawezi kunawa mikono siku cheo kinapotumiwa kwa uovu. Tena jaji alionya kwamba haitoshi kumhamisha mwalimu mkosaji kutoka shule hii mpaka shule ile, kisha kumfukuza kazi tu. Kwa maana fisi akihamishwa zizi, kondoo hawajapona.

Neno hili si la Kenya peke yake. Huko Nyeri liko kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki mwaka 1941. Kazi yake ilienea ulimwenguni, na vijana wengi wamepata mema ndani yake. Lakini huko Marekani chama cha Boy Scouts of America, kiitwacho sasa Scouting America, kiliweka kwa miaka mingi majalada ya siri yenye majina ya viongozi walioshukiwa kuharibu watoto. Wakubwa walijua, wazazi hawakuambiwa. Mwaka 2010 mahakama ya mji wa Portland ilisikia habari za kiongozi aliyekwisha kukiri kwamba aliwaharibu wavulana 17, naye akaachwa aendelee kuwa pamoja na vijana. Baraza la mahakama likakitoza chama dola milioni 18.5 za adhabu, kwa ajili ya mtu mmoja aliyedhulumiwa utotoni. Mwaka 2012 majalada zaidi ya 1,200 yakafunuliwa mbele ya watu wote. Mwaka 2020 chama kikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika, na watu zaidi ya 82,000 wakaleta madai yao, wengine wakiwa wazee wenye mvi. Hesabu ya fidia iliyokubaliwa ikawa dola bilioni 2.46.

Twajifunza nini? Yalikuwako makosa mawili: la yule aliyetenda, na la wale waliojua wakafunika. Habari za kuhani Eli zatuonyesha jambo lilo hilo. Si yeye aliyetenda uovu wa wanawe, lakini aliusikia, akawaonya kwa maneno tu, akawaacha katika kazi yao. Naye akahesabiwa hatia.

Sasa tuje kwetu. Hapa Haydom, na pande zote za Mbulu na Hanang, tunazo kwaya za vijana, madarasa ya kipaimara, kambi na mabweni. Ikiwa mtoto amedhulumiwa humo, mtu ataweza kusema: Tulimalize nyumbani, atoe ng'ombe, jina la usharika lisichafuke. Ndugu, ng'ombe atolewaye gizani ili neno lizikwe si fidia. Huyo ni bei ya kunyamaza, na aliyeuzwa ni mtoto. Fidia ya kweli hutolewa hadharani, pamoja na kuungama kosa. Haiwezi kumrudishia mtu utoto wake. Lakini yamsaidia kupata matibabu, yashuhudia kwamba hakusema uongo, na kuifundisha nyumba kulinda mlango wake. Aibu si ya mtoto. Ni ya aliyemtenda.

Sheria ya nchi yetu yasema vivyo hivyo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imeweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mtu mzima abakaye, na juu yake imeagiza alipe fidia. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwagiza kila mwenye habari ya mtoto anayedhulumiwa aipeleke kwa serikali za mitaa. Simu ya bure ni 116. Mtoto apelekwe hospitali upesi, kabla saa 72 hazijapita, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haifai baada ya hapo. Wala asiogeshwe kwanza, wala nguo zake zisifuliwe.

Maswali ya kujiuliza katika mtaa:

1. Je! twajua habari za kila mtu tunayemkabidhi vijana wetu, na mahali alipotoka?

2. Mtoto akija na neno lake, ni nani kwetu atakayemsikiliza pasipo kumkemea?

3. Mtu mzima akija leo na neno la miaka 20 iliyopita, je! tutamwita mchongezi, au tutafungua vitabu vyetu?

Swali hili la tatu wazee wa kanisa walijibu kwanza, kabla ya mtu huyo kubisha hodi.