Neno Hili Limetoka Wapi?

SOMO KWA WAKATEKUMENI

Mama atekaye maji hujua kwamba maji yaweza kuonekana meupe mtungini, lakini usafi wake hutegemea mahali yalikotoka. Hayo ya chemchemi si sawa na hayo ya dimbwi. Vivyo hivyo na maneno. Mkatekumeni husikia mengi njiani, sokoni na hata penye mlango wa kanisa: Biblia yasema hivi, Askofu amesema vile. Yampasa kwanza kuuliza: neno hili limetoka wapi? Naye akitaka kulipeleka kwa wengine, yampasa kuonyesha alikolitoa.

1. Walioandika Maandiko walifanya hivyo

Mtakatifu Luka, aanzapo Injili yake, hajidai kuwa ameyaona yote kwa macho yake. Amweleza Teofilo kwamba watu wengine wamekwisha kuandika kabla yake. Kwamba habari zilitoka kwao walioyaona mambo tangu mwanzo. Na kwamba yeye amezichunguza zote kwa bidii. Kusudi lake ni hili: Teofilo awe na hakika ya mafundisho aliyoyapokea (Lk 1:1-4). Neno la Kigiriki alilotumia Luka kutaja mafundisho hayo ndilo lililozaa majina haya mawili, katekisimu na mkatekumeni. Basi tangu zamani mkatekumeni ana haki ya kujua imani yake imetoka kwa nani.

Mtakatifu Paulo naye asema kwamba aliyowapa Wakorinto ni yale aliyoyapokea mwenyewe. Kisha ataja mashahidi wa Ufufuko: Kefa, wale Kumi na Wawili, ndugu zaidi ya 500, na Yakobo. Aongeza kwamba wengi wa ndugu hao wangali hai (1 Kor 15:3-8). Maana yake ni wazi: mwenye shaka aweza kwenda kuwauliza.

Nao watu wa Beroya, walipomsikia Paulo, walipokea neno kwa moyo, lakini kila siku waliyachungua Maandiko ili waone kama ndivyo yalivyo (Mdo 17:11). Hawakulaumiwa kwa hayo, bali walisifiwa.

2. Kutaja Maandiko kwa hila

Kutaja kitabu peke yake hakutoshi. Shetani naye alipomjaribu Bwana wetu Yesu Kristu juu ya hekalu alisema kwamba imeandikwa, akayatumia maneno ya Zaburi ya 91 juu ya malaika wanaomlinda mtu wa Mungu (Mt 4:5-7). Lakini akifunua Zaburi yenyewe, msomaji ataona kwamba Shetani aliruka neno moja. Zaburi yasema kwamba malaika humlinda mtu katika njia zake zote; haisemi kwamba watamlinda mtu ajitupaye chini kwa kumjaribu Mungu. Tena Shetani alinyamaza kabla ya aya ya 13, inayosema juu ya kukanyaga simba na joka. Bwana wetu akamjibu kwa Maandiko yaliyotajwa kwa haki (Kumb 6:16).

Kwa hiyo atajaye maneno ya mwingine asiyakate hata yakageuka maana, wala asiyaongeze. Naye asikiaye asiridhike na mtu asemaye tu, «Imeandikwa». Afunue kitabu, asome aya zilizotangulia na zinazofuata.

3. Neno lisilochunguzwa laweza kuua

Watu husema, «Lisemwalo lipo.» Mji wa Kindu wajua hatari ya kuamini hivyo. Tarehe 11 Novemba 1961, Waitaliano 13 wenye kutumikia Umoja wa Mataifa walifika Kindu kwa ndege mbili, wakiwaletea vyakula askari wa Umoja huo waliotoka Malaya. Askari waliokuwa mjini waliwadhania kuwa Wabelgiji waliokuja kupigana. Wakawakamata, wakawaua wote 13. Dhana hiyo haikuwa kweli. Marehemu hawakurudi kwa sababu ukweli ulijulikana baadaye.

Amri ya nane yakataza ushuhuda wa uongo. Atiaye kinywani mwa padre au mwa Askofu neno asilolisema, amevunja amri hiyo, hata kama neno lenyewe ni zuri. Naye achukuaye kazi ya mwingine na kuionyesha kama yake amemnyima mwenyewe haki yake. Hapo yafaa akumbuke amri ya saba.

4. Namna ya kuandika katika daftari

Anukuupo Biblia, mkatekumeni huandika kitabu, sura na aya. Lk 1:4 ni Injili ya Luka, sura ya kwanza, aya ya nne. Sura tuzitumiazo zahesabiwa kuwa kazi ya Stefano Langton, mwanzoni mwa karne ya 13. Aya za Agano Jipya ziliwekwa namba na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551.

Kwa Zaburi yafaa kuangalia sana. Zaburi ya 91 katika Biblia nyingi za leo ni ya 90 katika Biblia zinazofuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini. Ndiyo maana ni vema kutaja pia Biblia iliyotumiwa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 ina vifungu 2865. Hutajwa kwa namba ya kifungu. Mafundisho ya amri ya nane huanza katika namba 2464. Maandishi madogo chini ya kurasa zake huonyesha Maandiko, Mitaguso na Mababa yalikotoka mafundisho.

Kwa kitabu kingine huandikwa jina la mtungaji, jina la kitabu, mji kilikopigwa chapa, mwaka na ukurasa. Mwisho wa daftari vitabu vyote vilivyosomwa hupangwa katika orodha moja. Na ikiwa habari imetoka kinywani mwa mzee, huandikwa jina lake, kijiji chake na siku aliyoisimulia, kwa ruhusa yake. Mzee asiyeandika kitabu ni shahidi vilevile, naye astahili heshima hiyo.

Maswali

1. Luka alizipata wapi habari alizoziandika?
2. Kwa nini Paulo alisema kwamba wengi wa wale 500 wangali hai?
3. Shetani aliruka neno gani la Zaburi, na maana iligeukaje?
4. Mtu akija kijijini na kusema, «Askofu ameagiza hivi», yafaa kumwuliza nini?

Azimio la juma hili

Kila mkatekumeni achague fundisho moja alilojifunza, alitafute katika Biblia au Katekisimu, aandike mahali lilipo, kisha amwonyeshe jirani yake ili naye asome mwenyewe.